Gololi ilitua sentimita 66, ubaoni iliandikwa 80: kisa cha praktiko ya nishati, kidato cha tatu

Naweka kisa chote hapa maana nimeshakisimulia nusu nusu kwa walimu wenzangu, na kila nikisimulia tunaishia kubishana kuhusu msuguano, wakati msuguano wenyewe ndio ulikuwa sehemu ndogo kuliko zote.

Shule ni ya kata, Morogoro, jina tuliache. Kidato cha tatu, wanafunzi sitini na kitu darasa moja. Anayefundisha ni kijana wa chuo aliyekuja field, mimi ndiye mwalimu mwenyeji wake, yaani nakaa nyuma na daftari, nasikiliza, halafu mwisho namjazia fomu ya tathmini. Mada ni nishati tuli, ile ya kitu kilicho juu, na nishati mwendo, ile ya kitu kinachosonga. Hawa watoto walishaikuta mada hii madarasa ya chini, mgh (masi mara mvutano wa dunia mara kimo) wanaijua na nusu mv kipeo cha pili (v ni kasi) wanaijua, ukiwaamsha usiku wanakuimbia zote. Kijana akaamua badala ya kurudia nyimbo awafanyishe praktiko, na hapo tu nilishampa maksi.

Vifaa alivyokusanya ni vya bei chee ila vimefikiriwa. Alichukua ule mfereji wa plastiki ambao mafundi umeme wanapitishia nyaya ukutani, ule wa pembe nne wenye mfuniko, mfuniko akautoa. Gololi za chuma alizipata gereji, zimetoka kwenye beringi mbovu za malori, kubwa kidogo, kama gramu 28 hivi moja. Meza za maabara zina kimo cha sentimita 80. Mfereji unalala juu ya meza, upande mmoja umeinuliwa kwa vitabu na viti mpaka gololi ianzie sentimita 20 juu ya usawa wa meza, upande wa pili umelala flati kabisa mpaka ukingoni. Gololi inaachiwa, inashuka, inatoka ukingoni, inaruka hewani, inagonga sakafu. Sakafuni kuna karatasi nyeupe na juu yake karatasi ya kaboni, kila gololi ikigonga inaacha kidoa cheusi. Uzi wenye jiwe unaning'inia kutoka ukingo wa meza ili ujue pa kuanzia kupima. Na alikuwa mwangalifu mno kwenye ile ncha ya mwisho, aliwaambia wapachike gololi pale, ikiwa inatembea yenyewe basi hapajalala sawa, warekebishe. Watu wengi hapo ndipo wanapoharibia.

Uzuri wa namna hii hauhitaji stopuwachi. Kitu chochote kikianguka kutoka sentimita 80 kinatumia sekunde 0.4 kufika chini, ukichukua g ni 10, na haijalishi kinasonga mbele kwa kasi gani. Kwa hiyo ukigawa umbali wa mlalo kwa 0.4 umepata kasi ya gololi ilipokuwa inaaga meza. Na hesabu ya nishati inasema nishati tuli yote igeuke mwendo, m inakatwa pande zote mbili, v inabaki kuwa kipeuo cha pili cha 2 mara 10 mara 0.2, ambayo ni mita 2 kwa sekunde kamili. Mita 2 mara 0.4 ni sentimita 80. Namba zimenyooka, hakuna desimali, darasa zima linafuata.

Akaandika ubaoni kwa chaki kubwa: umbali unaotarajiwa, sm 80. Kisha ndipo akasema haya, anzeni.

Makundi yalikuwa nane. Nikiwa nyuma niliona wanafanya kazi kweli, gololi zinagonga, watu wanalala sakafuni na rula, kelele za kawaida. Majibu yakaja kusomwa. 79. 80. 80. 78. 81. 80. 79. Kijana anatabasamu mpaka masikioni. Kundi la mwisho, la karibu na dirisha, binti mmoja akasimama akasema, "Sir, yetu imegoma."

"Imegoma vipi?"

"Inatoa 66."

"Rudieni, mtakuwa mmekosea kupima."

"Tumerudia sir. 66, 65 na nusu, 66 na nusu. Hata gololi tumebadilisha, tukaweka ya kioo, palepale."

Kijana akaenda, akaangalia, akaachia gololi mwenyewe, ikatua palepale kwenye lile kundi la vidoa. Akakaa kimya sekunde kadhaa, akasema ni msuguano, andikeni msuguano. Binti hakukaa. "Sasa sir, msuguano wa kundi letu tu? Hao wengine hawana?" Darasa likacheka, kengele ikagonga, kipindi kikaisha hivyo.

Mimi nikabaki nakusanya zile karatasi zenye vidoa maana makundi yaliziacha sakafuni. Nikazipima moja moja na rula. Karatasi sita kati ya zile saba za "80" zilikuwa na vidoa vyake vimejazana kwenye 65, 66, 67. Vidoa vinasema 66, daftari linasema 80! Karatasi ya saba ilikuwa na vidoa kwenye 79 kweli, vimetawanyika ovyo, nikamuuliza mwanafunzi mmoja wa kundi lile mmefanyaje, akajibu bila hata aibu, "Tuliisaidia kidogo madam, ilikuwa haifiki." Waliisukuma. Kusema kweli nilimheshimu zaidi huyu kuliko wale sita, maana angalau yeye alibadilisha mwendo wa gololi badala ya kubadilisha namba.

Sasa wengine nikifika hapa wanaanza kulaumu watoto, wanapika data, hawana uaminifu, kizazi hiki. Mi siko huko. Mtoto anayeona jibu limeshaandikwa ubaoni na mwenye kusahihisha halafu yeye kipimo chake kinampa kingine, akili ya kawaida kabisa inamwambia kosa ni langu. Amefundishwa miaka yote kwamba praktiko ni njia ya kufika kwenye namba ambayo mwalimu anayo mfukoni. Ile chaki ya "sm 80" iliyotangulia ndiyo iliyopika data, watoto walipakua tu. Na ukitaka kujua darasa limeelewa nini kuhusu nishati, hapo huwezi tena, umebaki na madaftari nane, saba yanakusifia.

Kitu kilichonishika mimi lakini si upishi wa data, ni lile jibu la msuguano. Ofisini tukakaa na chai, nikamwambia mwalimu hebu tufanye hesabu ya lile kundi la dirishani kana kwamba wako sahihi. Umbali unaenda sambamba na kasi, nishati inaenda na kasi kipeo cha pili. 66 kwa 80 ni 0.825, mraba wake 0.68. Yaani gololi ilipoaga meza ilikuwa na asilimia 68 ya nishati iliyoanza nayo. Asilimia 32 haipo. Karibu theluthi!

"Si ndiyo msuguano madam? Hata vitabu vinasema nishati nyingine inapotea kwa msuguano na kugeuka joto na sauti."

"Umeupima?"

Akanyamaza. Na hakuna anayeupima, huo ndio ukweli wetu. Msuguano tumeufanya kama muuza duka ambaye kila jioni droo ikipungua anasema itakuwa chenji, bila kuhesabu ni chenji kiasi gani. Ikipungua mia mbili sawa, itakuwa chenji. Ikipungua theluthi ya mauzo, bwana, kaa chini uhesabu upya. Na kanuni ya uhifadhi wa nishati, ile tunayowaimbisha kwamba nishati haiumbwi wala haiangamizwi, haina maana yoyote kwa mtoto kama kila hesabu isipofunga tunaweka neno moja tu na kusonga mbele. Inakuwa msemo wa kukariri, wakati faida yake yote ni kwamba inakulazimisha kutafuta.

Kipindi kilichofuata tulikipanga pamoja. Sikutaka kumpa jibu darasani, nilitaka watoto wenyewe waukamate msuguano na kuupekua. Tuliuweka mfereji juani kwanza ulainike, maana ukiupinda baridi unapasuka, halafu tukaukunja uwe kama bakuli refu, huku juu, katikati chini, kule juu tena, tukaubana na viti na kamba. Gololi itaachiwa upande huu kutoka sentimita 20, itashuka, itapanda upande wa pili. Swali: itapanda mpaka wapi?

Safari hii ubaoni hakuna jibu. Kijana akawaambia kila kundi liandike utabiri wake kwanza, kwa peni, hairuhusiwi kufuta. Binti wa dirishani kundi lake wakapiga hesabu vizuri sana: kama msuguano umekula asilimia 32 kushuka, utakula tena kiasi hicho kupanda, 20 mara 0.68 mara 0.68, kama sentimita 9. Makundi mengi yakawaiga, mengine yakaandika 10, moja likaandika 20 kwa sababu "nishati haipotei".

Gololi ikaachiwa. Ikapanda mpaka 18 na nusu.

Wakarudia wao. 18 na nusu, 18, 18 na nusu. Kelele zilizotokea hapo sijui niseme nini, mwalimu wa darasa la jirani alikuja kuchungulia. Maana ona walichokishika mkononi: kwenda na kupanda, safari nzima, msuguano na upepo na kila kitu vimekula kama asilimia 7 au 8 tu. Kwa safari ya kushuka peke yake ni kama asilimia 4. Lakini palepale chini, kwa kipimo cha vidoa, gololi ina 68 tu. Kwa hiyo kuna nishati kama asilimia 28 ambayo pale chini huioni kwenye kasi, halafu ikipanda upande wa pili inarudi! Joto la msuguano halirudi hivyo, likishatoka limetoka. Hii iliyojificha inarudi yote. Imejificha wapi?

Kijana alivumilia kimya kirefu pale, na kwa mwalimu wa field kuvumilia kimya cha darasa ni kazi ngumu kuliko zote, nilikuwa namhesabia moyoni. Jibu likatoka kwa mvulana ambaye nadhani hajawahi kunyoosha mkono tangu fomu wan: "Sir, si inazunguka?" Basi. Mmoja akatoa rangi ya kucha kwenye begi, ambayo kwa sheria za shule haikutakiwa kuwemo humo na wote tukajifanya hatujui, wakapaka doa kwenye gololi, wakaiachia polepole, kila mtu akaona doa linavyokimbia. Gololi haitelezi kwenye mfereji, inabingirika, na kitu kinachozunguka kina nishati mwendo ya mzunguko wake juu ya ile ya kusonga mbele. Fomula yetu ya nusu mv kipeo cha pili inahesabu kusonga mbele tu.

Kwa gololi iliyojaa ndani, inayobingirika bila kuteleza juu ya sehemu bapa, mgawo ni huu: sehemu 5 kati ya 7 zinakwenda kwenye kusonga, 2 kati ya 7 kwenye kuzunguka. Haitegemei ukubwa wala uzito, ndiyo maana ya kioo na ya chuma zilitua pamoja. Hesabu ya darasa basi ikafunga: asilimia 4 msuguano, zilizobaki 96 ukizigawa kwa saba unapata kama 68 au 69 kusonga na 27 au 28 kuzunguka. 68 ndiyo ile ya vidoa. Niliona watoto wanajumlisha mara mbili mbili kuhakikisha inafika mia. Na angalia kinachofurahisha, msuguano uliopewa lawama zote ndio huohuo unaofanya gololi izunguke badala ya kuteleza, ila haujala karibu chochote kwa kazi hiyo, umehamisha tu kutoka mfuko huu kwenda ule.

Hizo tano kwa saba asili yake hatukuwafundisha, ni za mbele sana, wangehitaji hesabu ambazo hawana. Ila tulitaka wasiipokee kama imani nyingine ya ubaoni kwa hiyo tukafanya mashindano. Ubao mpana wa meza mbovu, umeinamishwa kidogo, na washindani watatu: gololi, betri kubwa ya tochi, na kipande kifupi cha bomba la chuma. Utabiri kwa peni tena. Darasa karibu lote lilisema bomba litashinda maana ndilo zito. Gololi ikafika kwanza, betri ikafuata, bomba la mwisho, na ukirudia mara kumi ni hivyohivyo. Bomba uzito wake wote uko pembeni, mbali na katikati, kwa hiyo nusu nzima ya nishati yake inamezwa na kuzunguka. Betri imejaa, inabakiza karibu theluthi mbili kwa kusonga. Tukaleta bomba jembamba na nyepesi zaidi, likaenda sare na lile zito, na hapo ndipo nadhani ile imani ya "kizito hufika mapema" ilipovunjika kweli, sio pale tulipokata m kwenye fomula.

Halafu soda. Kijana alinunua soda ya kopo, haijafunguliwa, akaiweka kwenye mashindano na gololi. Soda ikashinda. Fujo upya. Kopo linazunguka lakini soda ndani haizunguki nalo sana, inasonga mbele tu, kwa hiyo karibu nishati yote inakwenda kwenye kusonga. Monita akajitolea kuinywa kwa ajili ya sayansi, kopo tupu likarudishwa ubaoni, likaburuza mkia pamoja na mabomba. Kopo lilelile! Sijui kama kuna kitu cha bei ile kinachofundisha zaidi.

Nirudi kidogo kwenye lile kundi la dirishani lililosimamia kipimo chake, maana kuna hatua kijana aliifanya peke yake ambayo ilinifurahisha. Aliwauliza, kama mzunguko unachukua sehemu ileile kila mara, je tunaweza kuhakiki fomula bila kuujua mzunguko wenyewe? Wakabadilisha urefu: sentimita 20 wakapata 66, sentimita 5 wakapata 33. Urefu umepungua mara nne, umbali umepungua mara mbili. Yaani kasi kipeo cha pili ndiyo inayofuata urefu, fomula iko salama, kilichokuwa kinakosekana ni namba ya kuzidishia isiyobadilika, na ukilinganisha uwiano namba hiyo inajikata yenyewe.

Hapo nikawatolea hadithi ambayo sikuwahi kupata mahali pazuri pa kuisimulia. Praktiko hii ni ya Galileo kabisa, yule mwanafizikia wa Italia. Kwenye makaratasi yake yaliyohifadhiwa Florence kuna ukurasa mmoja, wa kama mwaka 1608, ambao haukuchapishwa enzi zake na watafiti walikuja kuuzingatia miaka ya 1970, una mchoro wa mpira unaotoka kwenye mteremko na kuruka kutoka mezani, na namba pembeni. Kipimo chake aliita nukta, kidogo tu, chini ya milimita moja. Meza yake kimo chake nukta 828. Mpira ulipoanzia nukta 300 juu ya meza ulitua nukta 800 kutoka ukingoni. Sasa fanya hesabu yetu ya bila mzunguko kwa namba zake: mara mbili ya kipeuo cha pili cha 300 mara 828, unapata kama 997. Yeye alipata 800. Uwiano wake ni 0.80, wa binti wa dirishani ni 0.825. Miaka mia nne katikati. Na Galileo alifanya nini? Hakuandika 997. Hakuwa na nishati mwendo wala ya mzunguko kwenye msamiati wa fizikia ya wakati wake, alilinganisha umbali kwa umbali, urefu ulipoongezeka kuwa 600 alitarajia 1131, ambayo ni 800 mara kipeuo cha pili cha 2, na mpira ukatua 1172. Uwiano ulikaribia, akaendelea na maisha. Watoto waliposikia kwamba namba "iliyogoma" iligoma pia kwa Galileo, binti yule alikaa vizuri kwenye kiti, hakusema kitu ila alikaa vizuri.

Kuna jambo jingine dogo lililojitokeza njiani nalitaja haraka. Kundi moja siku ya kwanza lilipima urefu wa gololi kutoka sakafuni, sentimita 100, wakapata kasi ya mita 4.47 kwa sekunde ukingoni mwa meza, na wakaambiwa wamekosea kupima. Hawakukosea kupima. Nishati tuli unaruhusiwa kuianzia popote, sakafuni, mezani, hata chini ya kisima, mradi ukianzia sakafuni ukumbuke kwamba ukingoni mwa meza gololi bado ina sentimita 80 zake haijazitumia. 100 toa 80 ni 20, tumerudi palepale. Kosa lao ni kutumia zote wakati gololi bado iko juu. Mwalimu akisema "umekosea kupima" mtoto anaenda nyumbani akijua kuna sifuri moja tu duniani na iko mezani.

Na mmoja akauliza hiyo nishati ya gololi ni nyingi kiasi gani, maana jouli hawazioni popote. Gramu 28 kutoka sentimita 20 ni jouli 0.056. Uniti moja ya umeme wa LUKU ni jouli milioni 3.6. Wakagawa: kama gololi milioni 64 zishuke mfereji ule kwa uniti moja ya umeme. Kidatu iko mkoa huuhuu wetu, watoto wameisikia tangu wadogo, megawati 204, maji yanayoanguka, sasa angalau walipata picha kwa nini kule wanahitaji mto mzima na bwawa na mahandaki. Ukiweka mita moja ya ujazo ya maji, tani nzima, ukaiangusha mita 100, bado hujafikisha theluthi ya uniti.

Sasa matokeo, na hapa nisipambe. Kwenye jaribio la wiki iliyofuata swali la kawaida la jiwe linaloanguka karibu wote walipata, ila hilo hata kabla wangelipata. Swali tulilolitega lilikuwa hili: kibao cha mbao kinateleza kwenye mteremko, kinaanza kikiwa kimetulia, kasi yake chini ni ndogo kuliko fomula inavyosema, eleza nishati nyingine ilikwenda wapi. Na wanafunzi wengi, wengi kweli, wakaandika imekwenda kwenye mzunguko. Kibao! Kinateleza! Tulikuwa tumetoa kisingizio kimoja tukaweka kingine kipya chenye kung'aa zaidi.

Kijana alikata tamaa kidogo, mimi sikukata, maana kosa hili linafanyiwa kazi kwa njia ileile, unapekua. Kipindi cha mwisho cha field yake akaleta kibao chenyewe na ubao wa meza. Wakaongeza mwinamo kidogo kidogo mpaka wakapata ule ambao kibao ukikigusa kinashuka kwa kasi ileile mwanzo mpaka mwisho, hakiongezi mwendo wala hakisimami. Akawaambia jazeni hesabu. Nishati tuli inapungua kila sentimita, wakaandika. Nishati mwendo haiongezeki hata kidogo, wakaandika. Kuna kinachozunguka? Wakakodoa macho kwenye kibao, hakuna. Kikipandishwa upande wa pili kingerudi? Wakajaribu, hakikufika popote. Mvulana wa "si inazunguka" akaenda ubaoni, akaandika msuguano, asilimia 100, na alipoulizwa umejuaje akaanza kutoa sababu moja baada ya nyingine mpaka kijana akamwambia inatosha kaa.